Joe Louis, Bingwa Aliyestaafu Mara Mbili

Kule Dzaleka, wazee waliotoka Kongo wakikaa pamoja jioni na mazungumzo yakigeukia mchezo wa ngumi, hawakawii kufika Kinshasa. Watakusimulia usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman. Babu yangu ni mmoja wa wazee hao, nami tangu utoto wangu nilidhani kwamba duniani hapakupata kuwa na bingwa wa ngumi ila Ali peke yake. Hata nilipokuja kusoma hapa Nathenje, nikakuta katika vitabu habari za mtu mwingine, aliyeshika ubingwa wa dunia kabla Ali hajazaliwa. Mtu huyo ni Joe Louis.

Nimeona vema niyaandike maisha yake katika ukurasa wetu wa Kiswahili kwa sababu moja. Mabingwa wengi wa ngumi hulaumiwa kwamba hawakujua wakati wa kuacha. Joe Louis alijua. Aliacha akiwa bado bingwa, watu wote wakamsifu. Kisha, mwaka mmoja na nusu baadaye, akarudi ulingoni. Kwa nini alirudi? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitazame pamoja, sisi tulio shuleni, na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka na kupata kazi.

UTOTO WAKE

Jina lake kamili lilikuwa Joseph Louis Barrow. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa saba katika watoto wanane. Wazazi wake, Munroe na Lillie, walikuwa watoto wa watu waliokuwa watumwa, nao walilima pamba katika mashamba ya watu wengine. Joe alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, baba yake aliugua akili akapelekwa hospitali, wala hakurudi kuishi nao tena. Mama akabaki na mzigo wote. Baadaye akaolewa na Pat Brooks, mtu aliyekuwa na watoto wake mwenyewe, ikawa nyumba imejaa. Joe alikuwa mtoto mkimya, mzito wa kusema.

Mwaka 1926 jamaa yote ilihamia kaskazini, katika mji wa Detroit, mji wa viwanda vya magari. Huko Joe alionekana yu nyuma sana katika masomo, maana kule kusini shule za watu weusi zilikuwa duni mno. Akapelekwa shule ya ufundi kujifunza useremala wa kutengeneza makabati. Mama yake alimpa fedha kidogo kila juma ili ajifunze kupiga fidla. Lakini Joe alikuwa akizichukua fedha zile na kulipia nafasi yake katika jumba la mazoezi ya ngumi. Mama alipopata habari hakukasirika sana. Alimwambia tu kwamba kama ameichagua kazi hiyo, basi aifanye kwa bidii.

Baada ya mwaka 1929 ikaja shida kubwa ya kazi katika Marekani yote. Viwanda vilifungwa, na baba yake wa kambo akakosa kazi. Jamaa ya Joe ikaishi kwa msaada wa serikali. Wenzangu mnaotoka Dzaleka mnajua bila kuelezwa maana ya kungoja mgao. Nitataja neno moja hapa, ingawa lilitokea baadaye: Joe alipoanza kupata fedha za ngumi, alizirudisha serikalini fedha zote ambazo jamaa yake walikuwa wamepewa. Hapakuwa na mtu aliyemdai. Neno hilo lishikeni, maana litatusaidia kuyaelewa yaliyompata.

Mwanzo wake ulingoni haukuwa mzuri. Mwaka 1932, katika pambano lake la kwanza la ridhaa, alipigana na Johnny Miler, akaangushwa mara saba. Akauacha mchezo kwa muda akaenda kufanya kazi kiwandani. Kisha moyo ukamrudisha. Mwaka 1934 alikuwa bingwa wa ridhaa wa Marekani yote katika uzito wake, na tarehe 4 Julai ya mwaka huo huo alipigana kwa malipo kwa mara ya kwanza katika mji wa Chicago, akamshinda Jack Kracken katika raundi ya kwanza.

KUSHIKA UBINGWA

Joe alikuwa na watu watatu waliomwongoza, wote weusi kama yeye. Mameneja wake walikuwa John Roxborough na Julian Black, na mwalimu wake alikuwa Jack Blackburn, mpiganaji wa zamani, mkali, aliyejua siri zote za ulingo. Watu hao walikuwa na kazi ngumu. Kabla ya hapo mtu mweusi mmoja tu ndiye aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, naye ni Jack Johnson, aliyeshika ubingwa tangu mwaka 1908 mpaka 1915. Johnson alikuwa akiwacheka Wazungu aliowapiga na kutembea na wanawake wao waziwazi, nao walimchukia sana. Tangu aliposhindwa, ilipita miaka 22 bila mtu mweusi yeyote kupewa nafasi ya kuugombea ubingwa huo.

Kwa hiyo Roxborough alimwekea Joe sheria. Asipigwe picha pamoja na mwanamke wa Kizungu. Asiingie peke yake katika mabaa ya usiku. Asimcheke wala kumtukana mtu aliyemwangusha. Joe akazishika mbele ya watu, na uso wake ulingoni haukuonyesha furaha wala hasira.

Tarehe 25 Juni 1935, katika mji wa New York, alikutana na Primo Carnera wa Italia, jitu la urefu wa karibu mita mbili. Siku hizo Mussolini alikuwa akikusanya majeshi ili kuivamia Habeshi, na watu weusi wa Marekani walilitazama pambano lile kama vita vya Mhabeshi na Mwitalia. Joe alimwangusha Carnera katika raundi ya sita. Miezi michache baadaye, Oktoba, majeshi ya Italia yaliingia Habeshi kweli. Ngumi za Joe hazikuweza kuyazuia, lakini zilikuwa zimewapa watu weusi jambo la kujivunia.

Mwezi Septemba mwaka ule ule Joe alimwoa Marva Trotter, na saa chache baada ya ndoa, siku hiyo hiyo, akaingia ulingoni kumpiga Max Baer katika raundi ya nne. Alikuwa na miaka 21, na fedha zilianza kumiminika.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1936 Joe alitakiwa kupigana na Mjerumani, Max Schmeling, mtu aliyekuwa na miaka 30 na kudhaniwa kwamba amekwisha. Joe alikuwa amejifunza gofu karibuni, akaupenda mchezo huo kuliko mazoezi. Schmeling naye alikuwa ameketi kuzitazama filamu za mapambano ya Joe, akagundua kosa moja: kila Joe alipopiga kwa mkono wa kushoto, aliushusha chini kabla ya kuurudisha. Basi tarehe 19 Juni 1936 Schmeling aliungoja mkono ule ushuke, akapiga kwa mkono wake wa kulia tena na tena. Katika raundi ya 12 Joe aliangushwa, hakuweza kuinuka. Watu walilia mabarabarani.

Alirudi kwenye mazoezi kwa unyenyekevu. Tarehe 22 Juni 1937, mjini Chicago, alipigana na bingwa James Braddock. Raundi ya kwanza Joe aliangushwa, akainuka; raundi ya nane akamwangusha Braddock, akawa bingwa wa dunia, umri wake miaka 23. Lakini yeye mwenyewe alikataa kujihesabu bingwa mpaka amshinde Schmeling.

Mwaka kamili ukapita. Tarehe 22 Juni 1938 walikutana tena katika kiwanja cha Yankee, New York, mbele ya watu wapatao 70,000, na mamilioni wakisikiliza redio. Serikali ya Hitler ilikuwa imejivuna sana kwa ushindi wa kwanza wa Schmeling, ikitangaza kwamba ni dalili ya ubora wa watu wake. Sasa Wamarekani weupe na weusi walimtaka mtu mmoja tu ashinde. Joe alimwangusha Schmeling mara tatu, na pambano likasimamishwa baada ya dakika 2 na sekunde 4. Wengine walikuwa bado wanatafuta viti vyao.

Kwa jumla Joe aliutetea ubingwa wake mara 25. Aliushika kwa miaka 11 na miezi minane, na hakuna bingwa mwingine wa uzito wa juu aliyeifikia rekodi hiyo. Mgumu kuliko wote alikuwa Billy Conn, kijana mwepesi, ambaye mwezi Juni 1941 alikuwa mbele kwa pointi hata raundi ya 12. Conn angeweza kuzikimbia raundi zilizobaki na kuuchukua ubingwa. Badala yake akataka kumwangusha Joe, akasogea karibu, na katika raundi ya 13 yeye ndiye aliyeangushwa. Naye hakujua wakati wa kuacha.

VITA NA DENI

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Desemba 1941. Tarehe 9 Januari 1942 Joe alipigana na Buddy Baer, na fedha zake za pambano akazitoa zote kusaidia jamaa za mabaharia wa vita. Mwezi Machi akapigana na Abe Simon, akazitoa tena, safari hii kwa jamaa za askari wa nchi kavu. Kati ya mapambano hayo mawili alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida, mshahara wake dola 21 kwa mwezi. Akakaa jeshini karibu miaka minne, akapigana mapambano ya maonyesho 96 mbele ya askari wapatao milioni mbili. Jeshi lenyewe liliwatenga weusi na weupe, naye akatumia jina lake kuwatetea wenzake weusi waliotendewa vibaya. Mwaka 1945 alipewa nishani ya heshima.

Lakini wakati ule wote deni lilikuwa likikua nyuma yake. Joe alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alimnunulia mama yake nyumba, akawasomesha ndugu, akaanzisha biashara ambazo hazikudumu, akawapa marafiki kila walichoomba, na gofu aliicheza kwa kuwekeana dau. Mameneja walichukua sehemu yao kubwa katika kila pambano. Alipopungukiwa, alimkopa Mike Jacobs, mwandaaji wa mapambano yake, na Jacobs hakumnyima, maana mtu anayedaiwa hana budi kurudi ulingoni. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Zaidi ya hayo, palikuwa na kodi ya mapato. Serikali ilizihesabu hata zile fedha za mapambano aliyoyatoa kwa ajili ya vita kuwa ni mapato yake. Alipotoka jeshini alikuwa anadaiwa kodi ya zamani pamoja na riba, na madeni ya Jacobs na Roxborough. Mwezi Juni 1946 alirudiana na Billy Conn akamwangusha katika raundi ya nane, na sehemu yake ikawa zaidi ya dola 600,000. Fedha hizo ziligawanywa huku na huku, kwa madeni na mameneja, na yeye akabaki na kodi mpya juu ya ile ya zamani.

Na wale waliomwongoza walikuwa wameondoka. Blackburn alifariki mwaka 1942. Roxborough alifungwa gerezani katika miaka ya vita kwa kosa la kuendesha kamari. Ujana nao ulikuwa unakwenda, na ujana ni moshi, ukienda haurudi. Tarehe 5 Desemba 1947 Joe, mwenye miaka 33, alipigana na Jersey Joe Walcott, akaangushwa mara mbili. Pambano lilipokwisha, Joe alianza kutoka ulingoni kabla matokeo hayajatangazwa, maana moyoni alijua ameshindwa. Waamuzi wawili kati ya watatu wakampa ushindi, na watu wengi wakazomea. Mwezi Juni 1948 wakarudiana, na Joe akamwangusha Walcott katika raundi ya 11.

Yeye mwenyewe aliona kwamba miguu imechoka na macho yanauona mlango ulio wazi lakini mkono unachelewa kuingia. Basi tarehe 1 Machi 1949 akatangaza kwamba anaacha ngumi, akiwa bado bingwa wa dunia. Kama maisha yake yangeishia hapo, tungemwita mtu mwenye hekima kuliko mabingwa wote.

KURUDI ULINGONI

Mwaka 1950 serikali ilimaliza kuyapiga mahesabu yake, ikamwambia kwamba anadaiwa zaidi ya dola 500,000. Wakati huo mtu aliyepata fedha nyingi Marekani alitozwa kodi ambayo, kwa sehemu ya juu ya mapato yake, ilifika karibu dola 90 katika kila 100. Hebu fikirini hesabu hiyo, ninyi wenye kupenda hesabu. Ili kulipa nusu milioni, ilimpasa achume mamilioni. Na kila alichochuma kilizaa kodi nyingine, na deni la zamani lilizaa riba usiku na mchana. Ilikuwa kama kuteka maji kwa pakacha. Wala Joe hakuwa na kazi nyingine ambayo ingempa fedha kiasi kile. Useremala alikuwa ameuacha tangu ujana. Alikuwa na ngumi tu.

Dawa ya deni ni kulipa. Tarehe 27 Septemba 1950, akiwa na miaka 36, aliingia tena katika kiwanja cha Yankee kupigana na bingwa mpya, Ezzard Charles. Charles alikuwa amempenda Joe tangu utotoni, lakini siku hiyo hakuwa na budi kumpiga. Alimpiga raundi 15 akashinda kwa pointi. Uso wa Joe ulivimba, jicho moja likafumba.

Watu walidhani sasa ataacha. Hakuacha. Akapigana mapambano mengine manane katika mwaka uliofuata, akayashinda yote, na pengine ushindi huo ulimdhuru kuliko kushindwa, kwa kuwa ulimpa matumaini. Kisha akaletwa mbele yake Rocky Marciano, kijana wa miaka 28, mfupi, mwenye nguvu za ajabu, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja.

Walipigana tarehe 26 Oktoba 1951 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Joe alikuwa na miaka 37. Kwa raundi chache mkono wake wa kushoto ulimzuia kijana, ule mkono ambao zamani ulitawala dunia. Lakini mkono wa kulia haukuwa na kitu tena. Katika raundi ya nane Marciano alimpiga, Joe akaanguka; akainuka alipohesabiwa nane. Akapigwa tena, akapita katikati ya kamba, akalala chali ukingoni mwa ulingo, miguu bado ikining'inia kwenye kamba. Refa Ruby Goldstein hakuhesabu. Alipunga mikono, akalimaliza pambano.

Watu walilia ndani ya ukumbi. Marciano mwenyewe alikwenda chumbani kwa Joe, akalia mbele yake, kwa sababu alikuwa amempiga mtu aliyemheshimu tangu utoto. Joe ndiye aliyemtuliza. Hivyo ndivyo alivyostaafu kwa mara ya pili, na safari hii hakurudi tena.

MWISHO WAKE

Deni halikustaafu pamoja naye. Mwaka 1956 Joe Louis alikubali kuingia katika mieleka ya maonyesho ili apate fedha. Wengi waliona aibu kumtazama. Huko nako akaumizwa kifua, ikambidi aache. Mwishowe, katika miaka ya 1960, serikali ilikubali kutoza kodi ya mapato yake ya kila mwaka tu na kuliacha lile deni kubwa, maana ilikuwa dhahiri kwamba hataweza kulilipa hata akiishi miaka mia.

Mwaka 1959 alimwoa Martha Jefferson, mwanamke mwanasheria, na huyo ndiye aliyemtunza mpaka mwisho. Joe aliugua. Akili yake ilisumbuka, akawa anaona kwamba kuna watu wanaomwinda, na mwaka 1970 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kama baba yake zamani. Alipopata nafuu aliajiriwa na hoteli kubwa ya kamari, Caesars Palace, katika mji wa Las Vegas. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni na kuwapa mkono. Mwaka 1977 alipasuliwa moyo, kisha akapooza, akawa mtu wa kiti cha magurudumu.

Usiku wa tarehe 11 Aprili 1981 alisukumwa katika kiti chake kwenda kumtazama Larry Holmes akipigana na Trevor Berbick. Watu walisimama wakampigia makofi. Kesho yake, tarehe 12, alifariki dunia, umri wake miaka 66. Rais Ronald Reagan aliruhusu azikwe katika makaburi ya mashujaa ya Arlington, ingawa kwa kanuni za makaburi hayo hakustahili. Na miongoni mwa waliosaidia gharama za mazishi alikuwa Max Schmeling, yule Mjerumani, ambaye baada ya vita alifanikiwa katika biashara na kuwa rafiki yake wa kweli.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wengine walipata kuacha vizuri zaidi. Rocky Marciano, aliyeyaona kwa macho yake yaliyompata Joe, aliacha ngumi mwezi Aprili 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, na hakurudi kamwe, ingawa alishawishiwa. Muhammad Ali, yule wa Kinshasa, hakujifunza hivyo. Mwezi Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alipigwa na Larry Holmes vibaya sana hata mwalimu wake akalisimamisha pambano, na mwaka uliofuata akapigana tena na kushindwa na Berbick. Hata hapa Afrika Mashariki tunaye Robert Wangila wa Kenya, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwezi Julai 1994, katika Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba bado anaweza. Akafika chumbani akazimia, na baada ya siku mbili akafariki, umri wake miaka 26. Yeye hakuwa mzee. Lakini jambo ni lile lile: mtu aliye ndani ya ulingo ndiye wa mwisho kujua.

Hata hivyo mimi sidhani kwamba Joe Louis alirudi kwa sababu ya kiburi au kwa kupenda makofi ya watu. Alirudi kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Kujua wakati wa kuacha ni jambo moja, kuweza kuacha ni jambo jingine. La kwanza lataka macho. La pili lataka maandalizi ya miaka mingi, tangu siku fedha ya kwanza inapoingia mkononi. Mtu aliyerudisha serikalini fedha za msaada bila kudaiwa hakuwa mdanganyifu. Tatizo lake ni kwamba alijua kutoa, asijue kuhesabu, na wote waliohesabu kwa niaba yake walikuwa wanakula katika sahani yake.

Naandika haya nikiwafikiria wenzangu wa kidato cha mwisho. Wengi wetu, Mungu akitujalia kazi, tutakuwa watu wa kwanza kupokea mshahara katika nyumba zetu. Siku hiyo hiyo watakuja ndugu, majirani na marafiki, na hatutaweza kuwanyima wote, wala si vizuri kuwanyima wote. Babu yangu husema kwamba mkimbizi hali peke yake. Nami nakubali. Lakini nilipomsomea habari hizi za Joe Louis wakati wa likizo, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama katika miaka ile yote hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia bingwa aweke kidogo kando. Nilimjibu kwamba sikuona habari za mtu huyo. Akiba haiozi, lakini lazima awepo mtu wa kuikumbusha.

Nitamaliza kwa jina la mahali tunapokaa. Kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka palikuwa gereza, na watu wa hapa hueleza kwamba jina lake latokana na neno la Kichewa, kuleka, ndiyo kuacha, kama mtu asemaye kwamba ameacha wala hatarudia. Gerezani neno hilo lilitokana na kuogopa. Joe Louis alilisema tarehe 1 Machi 1949 kwa hiari yake, akiwa amesimama juu ya kilele cha dunia, na deni likamfanya alirudishe. Ndugu zangu, hakuna refu lisilo na ncha. Tufanye kazi, tusaidiane, lakini tuweke kitu kando, ili siku ikifika ya kusema tumeacha, tuweze kulisema neno hilo mara moja tu.